Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Historia ya Hillsville: Msiamue Nani Alifyatua Kwanza

Kwa waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Kaunti ya Carroll, wasimamizi wa jumba la kumbukumbu lililomo katika mahakama ya zamani ya Hillsville, na wakuu wa shule za kaunti hiyo, jimbo la Virginia, Marekani.

Yah: Namna ya kusimulia mauaji ya mahakamani ya Machi 14, 1912

Waheshimiwa,

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Ninaishi Roanoke, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka kwenu, na kazi yangu ni kusimama mahakamani kati ya hakimu na mtu asiyejua Kiingereza, nikihakikisha kwamba neno lililotoka upande mmoja linafika upande wa pili likiwa zima. Wengi ninaowatafsiria ni watu wa Kongo na Burundi waliofika hapa kama wakimbizi, na watoto wao sasa wanafundishwa historia ya Virginia darasani sawa na watoto wengine wote wa jimbo hili. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimewatumia kwa posta. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa sababu wazazi wa watoto hao wana haki ya kujua ninawaombea nini, na kwa sababu ombi lenyewe, kama mtakavyoona, linahusu maneno na jinsi yanavyobebwa.

Mwezi Mei niliwaleta vijana tisa wa kanisani kwetu kuiona mahakama yenu ya zamani, ile ya matofali iliyojengwa katika miaka ya 1870. Mzee mmoja alijitolea kutuzungusha. Nje, kwenye ngazi, alitusimamisha, akainama kwa taabu, akaingiza ncha ya kidole katika tundu dogo, akasema hiyo ni alama ya risasi ya siku ile. Vijana wakapanga foleni, kila mmoja akatia kidole chake. Kingo za tundu zilikuwa laini kama mdomo wa kikombe cha zamani. Msichana wa miaka 14 alipokwisha kuondoa kidole chake akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili: "Mjomba, huyu Floyd Allen alikuwa jambazi au alikuwa shujaa?" Nikamtafsiria mzee. Mzee akacheka, akajikuna kidevu, akajibu kwamba inategemea umebisha hodi nyumba ya nani. Jibu lake lilinifurahisha, na hofu ya kulipoteza jibu kama hilo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwa msomaji asiyekijua kisa, nakieleza kwa yale yasiyo na ubishi mkubwa. Floyd Allen alikuwa mkulima mwenye ardhi na duka katika upande wa kusini wa kaunti, kuelekea mpaka wa North Carolina. Mtu mwenye hasira za karibu, aliyewahi yeye mwenyewe kushika vyeo vya kulinda sheria, na mfuasi wa chama cha Democratic wakati ambapo ofisi za mahakama zilikuwa mikononi mwa watu wa Republican, akiwemo karani wa mahakama, Dexter Goad, ambaye hawakuwa wakiivana hata kidogo. Wapwa zake wawili, Wesley na Sidna Edwards, walipigana na vijana wenzao nje ya ibada iliyokuwa ikiongozwa na mjomba wao mwingine. Husimuliwa kwamba chanzo kilikuwa busu: katika shughuli ya kumenya mahindi, kijana aliyeangukiwa na hindi jekundu aliruhusiwa na desturi kumbusu msichana, na Wesley akambusu msichana aliyekuwa na mtu wake. Baada ya ugomvi wapwa walivuka mpaka wa jimbo wakajificha Mount Airy, wakakamatwa huko na kurudishwa wakiwa wamefungwa. Floyd aliwakuta maafisa njiani, akamshambulia mmoja wao, vijana wakafunguliwa. Baadaye aliwafikisha mahakamani yeye mwenyewe, wakatumikia vifungo vyao vifupi yakaisha. Lakini kosa la kuwanyang'anya maafisa mahabusu wao likabaki juu yake.

Asubuhi ya Machi 14, 1912, wanajuri walimtia hatiani, na Jaji Thornton Massie akamhukumu kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu. Floyd akainuka, akasema haendi. Muda mfupi baadaye jaji, sherifu Lewis Webb na mwendesha mashtaka William Foster walikuwa wamepigwa risasi za kuwaua. Mwanajuri Augustus Fowler alikuwa na jeraha asilopona. Na shahidi mmoja, Elizabeth Ayers, ambaye watu walimwita Betty, binti wa miaka 19, alikuwa na risasi ya mgongoni, akafariki siku iliyofuata. Sheria ya Virginia ya wakati ule iliwavua manaibu mamlaka pindi sherifu wao anapokufa, kwa hiyo kaunti nzima ilibaki haina askari hata mmoja mwenye amri. Gavana William Hodges Mann akapelekewa telegramu, naye akawatuma wapelelezi wa kukodiwa wa Baldwin-Felts, shirika lililokuwa na ofisi zake hapa kwetu Roanoke. Floyd, aliyekuwa amejeruhiwa asiweze kukimbia, alikamatwa kesho yake hotelini palepale mjini. Nduguye, Sidna Allen, alipatikana pamoja na Wesley mwezi Septemba huko Des Moines, jimbo la Iowa. Floyd na mwanawe Claude waliuawa kwa kiti cha umeme mjini Richmond, Machi 28, 1913.

Yaliyobaki yote yana wenyewe.

Naanza na neno moja, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Maneno ya Floyd yamekuja kwetu kwa matamshi tofauti kidogo kutoka kinywa hiki na kile, lakini katika yote anawaambia mabwana waliokuwa mbele yake kwamba haendi. Vijana waliponitaka niwatafsirie, nilikwama. Je, ni "siendi" au "sitakwenda"? Lahaja ya milimani inavibeba vyote viwili katika kitenzi kimoja, ila Kiswahili kinadai mtu achague. "Siendi" ni la mtu aliyegoma pale aliposimama, hasira imempanda, hajui dakika ijayo italeta nini. "Sitakwenda" linaweza kuwa la mtu aliyekwisha kupanga. Na hilo si jambo dogo, kwa sababu upande wa mashtaka ulijenga kesi zake juu ya madai kwamba ukoo wa Allen uliingia mahakamani siku ile na njama mfukoni, na ni madai hayo ya njama yaliyosaidia kumpeleka Claude kwenye kiti cha umeme kwa kifo cha mwendesha mashtaka. Kwa hiyo mkalimani anayechagua kati ya maneno hayo mawili, hata kwa nia njema, amekwisha kutoa hukumu. Niliwaambia vijana yote mawili, nikawaeleza kwa nini. Mmoja wao alinung'unika kwamba nimemwongezea kazi.

Jambo la pili ni risasi ya kwanza. Chini ya kiapo, mashahidi waliokuwa wamekaa hatua chache kutoka kwa kila mmoja walisema mambo yasiyopatana: wako waliomtaja Claude, wako waliomtaja Sidna Allen, wako walioapa kwamba ni karani Goad, na wako waliosema ni sherifu. Wote hao hawakuwa lazima waongo. Mimi nimesikia mashahidi wengi kwa muda mrefu, na ninawahakikishia kwamba watu wawili wanaopendana, waliokaa benchi moja, wakaona ajali moja, watawaletea gari jekundu na gari jeusi. Ndani ya chumba kile watu wa pande zote mbili walikuwa na silaha, pamoja na maafisa wa mahakama waliokuwa wamesikia fununu za vitisho. Moshi ulijaa, watu walitambaa chini ya mabenchi, na mapambano yakashuka ngazi hadi barabarani. Wazao wa pande zote mbili bado wanaishi humo, wanakutana dukani na makanisani, na kila nyumba imerithi risasi yake ya kwanza pamoja na vyombo vya bibi.

Ombi langu la kwanza, basi, ni hili: msiliamue. Patakapotokea mtu mwenye haraka, awe mtaalamu wa utalii au mfadhili wa maonyesho mapya, akawashauri kwamba mgeni anataka jibu moja lililonyooka ukutani, mkataeni kwa heshima. Wekeni ushahidi unaopingana bega kwa bega, kila mmoja na jina la aliyeutoa, mahali alipokuwa amekaa, na udugu au uadui aliokuwa nao na wahusika. Mwenye kusoma atapima mwenyewe. Mtoto wa miaka 14 anaweza kulibeba hilo. Nimemwona akilibeba ndani ya basi dogo njia nzima ya kurudi, akibishana na kaka yake mpaka tukafika Roanoke.

Nikubalieni hapa nitoe maoni yangu, msije mkadhani nimejificha nyuma ya usawa. Simwoni Floyd Allen kuwa shujaa. Kiswahili kina neno linalomfaa kuliko "jambazi", maana jambazi huiba, na kuliko "mtoro", maana yeye hakukimbia hata alipopata nafasi ya kukimbia kabla ya hukumu: alikuwa mbabe. Mbabe hupendwa na kuogopwa na watu walewale, hutoa mkopo dukani asubuhi na kumpiga mtu jioni, na siku sheria inapomfikia huiona kama jirani mkorofi aliyevuka mpaka wa shamba. Lakini pia simwoni karani Goad na wenzake kuwa malaika wa sheria, kwa kuwa sheria iliyoshikwa na chama kimoja dhidi ya wapinzani wake hunuka hata ikiwa sahihi. Na Claude? Alikuwa kijana aliyemwona baba yake akipigwa risasi, au kijana aliyeanza kupiga yeye. Maelfu ya watu walitia saini kumwombea asiuawe, na mawakili walimwendea naibu wa gavana wakati gavana mwenyewe alikuwa nje ya jimbo, hata gavana akalazimika kurudi mbio ili hukumu isisimamishwe. Virginia ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2021. Vijana wangu walitaka kujua kama ingefutwa mapema Claude angekuwa nani. Sikuwa na la kuwajibu.

Ombi la pili linamhusu Betty Ayers. Mzee wetu, alipotuona tumechoka kusimama, alituimbia beti mbili za wimbo wa kale unaomlilia Claude Allen, kwa sauti iliyokatikakatika lakini yenye uzito. Wimbo ni mzuri. Zipo nyimbo za Claude, zipo za Sidna Allen, ambaye waimbaji wengine humwita Sidney kana kwamba jina lake halisi halikutosha, na zimeimbwa mbali sana na milima yenu. Wimbo wa Betty Ayers sijausikia. Alifika mahakamani kwa sababu aliitwa kutoa ushahidi, jambo ambalo mimi naliona kila juma na ambalo najua linavyowatetemesha watu wa kawaida: unavaa nguo yako safi, unafuata karatasi iliyokuja na jina lako, unasema ulichokiona, unataka kurudi nyumbani. Alirudi nyumbani kufa. Fowler naye alikuwa mkulima au jirani wa mtu fulani aliyeteuliwa kukaa na kusikiliza. Hakuwa na chama katika ugomvi ule zaidi ya kiti chake. Folklori huwapenda wenye bastola. Haiwezekani kuilazimisha iimbe vinginevyo, wala siombi hivyo, lakini jumba la kumbukumbu na kitabu cha darasani si wimbo. Kila mahali ambapo majina ya Floyd na Claude yatatajwa chini ya dhamana yenu, naomba majina ya watu wale watano yatajwe kwa herufi za ukubwa uleule, na ya Betty Ayers na Augustus Fowler yasiwe ya mwisho kwenye mstari ambapo jicho huwa limekwisha choka.

Sasa niseme kuhusu ngano zenyewe, kwa maana nisingependa mnielewe kwamba nataka zifagiliwe. Wazee husimulia kwamba juu ya kaburi la Floyd na Claude liliwahi kusimama jiwe lenye maandishi makali, likidai kwamba baba na mwana waliuawa na mahakama kwa amri ya gavana huku raia wengi wakipinga, na kwamba jiwe hilo liliondolewa kimyakimya ili ndugu waliokuwa bado kifungoni wapate msamaha. Kwamba Sidna Allen na Wesley Edwards walisamehewa mwaka 1926 na Gavana Harry Byrd ni jambo la kumbukumbu za serikali. Kwamba jiwe lilikuwa bei ya msamaha huo ni simulizi. Na mimi nasema simulizi hiyo ina thamani yake, si kama ushahidi wa jiwe, bali kama ushahidi wa jinsi watu wa Carroll walivyoielewa serikali yao: serikali inayoweza kukutolea ndugu yako gerezani, ila kwanza ufute maneno yako. Iandikwe, ichapishwe, mtoto aisome, mradi juu yake paandikwe wazi kwamba ni simulizi, nani aliisimulia, na mwaka gani. Ndivyo ilivyo pia kwa busu la hindi jekundu, na kwa hadithi ya mchumba wa Wesley, ambaye wapo wanaosema aliwauza watoro wale kwa fedha za zawadi, na wapo wanaosema alifuatwa tu bila kujua hadi Iowa.

Sidna Allen mwenyewe ni mfano wa kwa nini vitu vidogo visipuuzwe. Alikuwa amejenga nyumba ya fahari kando ya barabara ya Fancy Gap mwaka mmoja tu kabla ya mauaji, nyumba ya mbao yenye mapambo na mnara, ambayo hadi leo dereva anayeshuka kwenda Mount Airy hupunguza mwendo kuitazama. Akaipoteza. Gerezani alijifunza kupanga vipande vidogo vya mbao za rangi mbalimbali, akatengeneza meza na masanduku ya kupendeza kwa mikono ileile iliyodaiwa kuua. Sifahamu sentensi itakayomweka mtu kama huyo mahali pamoja pakamtosha, na nadhani mgeni aione nyumba na aione ile kazi ya mbao kabla hajaambiwa chochote.

Magazeti ya mwaka 1912 hayakuwa na shida hiyo. Yaliyotoka miji mikubwa yaliwafanya watu wote wa milima kuwa wakali wasiostaarabika, watengeneza gongo wenye bunduki, mpaka Titanic ilipozama Aprili 15 na waandishi wakaondoka na kalamu zao. Sisi tunaosema Kiswahili tunaujua mchezo huo, na tunaujua kutoka upande usiopendeza: pwani kulikuwa na neno "washenzi" kwa watu wa bara, nalo lilitosha kuhalalisha mengi. Vijana wangu wameitwa majina shuleni. Walipoelezwa kwamba wazee wa watoto wa Hillsville nao waliitwa hivyo na miji mikubwa, nyuso zao zilibadilika kwa namna ambayo hotuba yangu yoyote isingeweza kuzibadilisha. Sehemu hiyo ya historia isiachwe kwa aibu.

Aidha, nasema hili nikitabasamu kidogo: kila mwaka, wikiendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, mji wenu hufurika watu waliokuja kwenye mnada na maonyesho ya bunduki. Sina neno dhidi ya mnada huo, nimewahi kununua sufuria nzito ya chuma pale. Lakini umati ule wote unapita hatua chache tu kutoka kwenye zile ngazi, na huenda hakuna wikiendi nyingine ambayo watu wengi hivyo wangeweza kusikia kisa hiki kikisimuliwa sawasawa, na majina yote matano.

La mwisho ni la haraka kuliko yote. Mzee aliyetuongoza hakunitajia umri wake, lakini alipumzika mara tatu kupanda hadi chumba cha mahakama. Kauli ya "inategemea umebisha hodi nyumba ya nani" haimo katika jalada lolote. Naomba fungu, hata dogo, la kuwarekodi wazee wa nyumba zote, za Allen, za Edwards, za Webb, za Foster, za Goad, za Ayers, za Fowler, kila mmoja kwa lugha yake ya milimani bila kusahihishwa sarufi, na wanafunzi wa sekondari ndio wawe washika vinasa sauti. Wasiulizwe nani ana hatia. Waulizwe walisikia nini, kutoka kwa nani, wakiwa wamekaa wapi. Mimi na wenzangu wawili tuko tayari kuja kuwafundisha wanafunzi hao namna ya kumsikiliza mtu bila kumtilia maneno mdomoni. Ndiyo ufundi pekee tulio nao, na hatutadai malipo zaidi ya mafuta ya gari.

Tunapanga kurudi Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mnada ukiwa umekwisha na majani yameanza kugeuka rangi. Safari hii tutakuwa 12, pamoja na wazazi watatu ambao nitawatafsiria. Nitashukuru nikijulishwa kama mlango wa chumba cha juu utakuwa wazi siku hiyo, na kama mzee wetu ataweza kuwepo. Maswali ya vijana nimeyaambatanisha katika nakala ya posta, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kiswahili, na moja, la yule msichana, ameliandika kwa lugha zote mbili ili, kasema, nisije nikamchagulia neno.

Wasalaam,

Mkalimani wa Kiswahili,
Roanoke, Virginia